Jinsi ya kulinganisha kasa na mkonge mpaka upate kitu cha maana

Ukipita barabara ya Tanga kwenda Pangani unakutana na mashamba ya mkonge pale Kigombe, ukisogea Pangani kuna Sakura na Mwera, na muda wote huo bahari iko pembeni yako, bahari ambayo kasa wanakula, wanapita, na wengine bado wanapanda ufukweni usiku kutaga. Kwaiyo mwanafunzi wa huku akiambiwa achague viumbe viwili vya eneo lake avilinganishe, mara nyingi anachukua hawa wawili, na waongoza watalii nao wanajikuta wanaelezea vyote siku moja, asubuhi mkonge mchana kasa.

Shida ni kwamba kazi nyingi zinaishia hapa: kasa ni mnyama, mkonge ni mmea, kasa anaishi baharini, mkonge unaishi nchi kavu, wote wana faida kwa binadamu, mwisho. Jamani huo siyo ulinganisho, hizo ni orodha mbili zimewekwa jirani. Mi naamini kabisa kasa na mkonge ni jozi nzuri kuliko nyingi, ila lazima uwaulize wote wawili swali lilelile na uwapime kwa kipimo kimoja. Hapo chini naeleza namna ya kufanya, na namba zote unazohitaji kuanzia nimeziweka humo humo.

Kwanza jua unamuongelea nani

Kwenye maji yetu ya Afrika Mashariki kuna aina tano za kasa. Ukiandika "kasa" tu afu namba za huyu ukazichanganya na za yule, kila kitu kitakachofuata kitakuwa kimeharibika. Chagua mmoja. Nashauri kasa wa kijani, kitaalamu Chelonia mydas, maana ndo anayetaga zaidi Tanzania na habari zake ziko nyingi. Watu wanamchanganya sana na ng'amba, ila kuwatofautisha ni rahisi, angalia uso: ng'amba mdomo wake umechongoka kama wa ndege, na katikati ya macho kwenye paji ana magamba jozi mbili, wakati kasa wa kijani kichwa chake ni cha mviringo na ana jozi moja tu. Vipande vya gamba la ng'amba vinalaliana kama vigae, vya kasa wa kijani vimelala bapa vikagusana pembeni.

Mkonge nao hivyohivyo. Mkonge wa mwanzo wa mashamba yetu ni Agave sisalana, ambao kwa maisha yake yote unatoa majani kama 200 hadi 250 ya kuvuna. Ila kuna haibridi namba 11648, hii ilizalishwa hapahapa Tanganyika na watafiti wa mkonge, jani lake ni jembamba zaidi na mmea mmoja unaweza kutoa majani zaidi ya 600. Umeona tofauti? Ukichukua 600 ukaiweka kwenye safu ya Agave sisalana umedanganya bila kujua. Uliza pale shambani wamepanda upi, wasimamizi wanajua na wanapenda kuulizwa.

Chagua swali, achana na sifa

Hapa ndo penye kazi yenyewe. Watu wanaanza na sifa (rangi, urefu, uzito, makazi) na sifa haziishi, unaweza kujaza kurasa kumi na msomaji asijue kwa nini anasoma. Anza na swali. Swali zuri ni lile ambalo kasa analijibu kwa njia yake na mkonge unalijibu kwa njia yake, na majibu yakikaa pamoja yanakuonyesha kitu ambacho usingekiona ukiangalia mmoja peke yake.

Maswali ambayo nayaona yanafanya kazi kwa hawa wawili: anapataje maji mahali ambapo maji ya kunywa hakuna? Anaachaje watoto? Binadamu akivuna, kinabaki nini? Na plastiki imemfanya nini? Usichukue yote. Mawili yanatosha kabisa, ukichukua manne utayagusa juu juu tu.

Swali la maji ni fupi na linawafaa wadogo wa sekondari, ngoja nilimalize hapa. Kasa amezungukwa na maji ya chumvi maisha yake yote, chumvi inamwingia anapokula na kunywa, na dawa yake ni tezi zilizo karibu na macho zinazotoa chumvi kwa machozi mazito, ndo maana jike akiwa anataga unamwona kama analia. Mkonge wenyewe uko kwenye jua kali na udongo mkavu, na dawa yake ni kufunga matundu ya majani mchana, unayafungua usiku kukiwa na ubaridi, unavuta hewa ya ukaa na kuitunza kwenye jani mpaka asubuhi jua litoke ndo itumike kutengeneza chakula. Kwaiyo mmoja shida yake ni chumvi iliyozidi, mwingine ni maji yanayopotea, na wote hawakukimbia mazingira bali mwili ndo ulijipanga. Hiyo ni aya moja safi tayari.

Weka vyote kwenye mstari wa miaka

Kabla hujaingia kwenye watoto na mavuno chora mstari. Chukua karatasi, chora mstari mrefu wa miaka 40, juu yake weka kasa, chini yake weka mkonge. Hii ndo sehemu ambayo nawaona wanafunzi macho yanafunguka.

Kasa wa kijani anachukua kama miaka 25 hadi 35 kufikia umri wa kutaga, wengine hata zaidi. Mkonge unaanza kukatwa majani ukiwa na miaka miwili mitatu tangu upandwe shambani, afu kwenye miaka 7 hadi 10, wakati mwingine 12, unatoa mlingoti, yaani shina refu la maua, unachanua mara moja tu maishani, na unakufa. Sasa weka hizo alama kwenye mstari. Mkonge uliopandwa siku ambayo mtoto wa kasa ameanguliwa utakatwa, utatoa mlingoti, utakufa, utapandwa mwingine utakufa, utapandwa wa tatu nao utafika ukingoni, na yule kasa kama yupo hai ndo kwanza anajiandaa kurudi ufukweni kutaga kwa mara ya kwanza. Kila kitu kingine utakachosema kuhusu kuvuna kinatoka kwenye mstari huu, kwaiyo uchore hata kama mwalimu hajaomba.

Swali la watoto

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu kwa haraka wanaonekana wanafanana, wote wanatoa watoto wengi kwa mpigo, na mwanafunzi anaandika "wote huzaliana kwa wingi" anasonga mbele. Usisonge. Kaa hapo.

Kasa jike akifika umri anapanda ufukweni usiku, anachimba, anataga mayai kama 100 hadi 120 kwenye kiota kimoja, anafukia, anarudi majini. Baada ya kama wiki mbili anapanda tena. Kwa msimu mmoja anaweza kutaga mara tatu hadi tano, afu anapumzika miaka miwili mpaka minne kabla hajarudi. Mayai yanakaa mchangani kama siku 50 hadi 60, na joto la mchanga ndo linaamua jinsia, kwenye nyuzi joto kama 29 wanatoka mchanganyiko, mchanga ukiwa wa moto zaidi wengi wanakuwa majike, ukiwa wa baridi wengi wanakuwa madume. Mayai ya kiota kimoja yanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Kwaiyo kila mtoto anayetoka pale ana damu yake tofauti, hakuna anayefanana kabisa na mwenzake. Ila ni wachache sana wanaofika utu uzima, makadirio yanayotumika sana ni mmoja kwa elfu, maana kaa wanawasubiri, ndege wanawasubiri, samaki wanawasubiri.

Fanya hesabu mwenyewe: mayai 110 mara viota vinne ni mayai 440 kwa msimu. Kwa makadirio ya mmoja kwa elfu, jike huyo anahitaji zaidi ya misimu miwili ili mtoto wake mmoja tu afike umri wa kutaga au kupandisha, na kati ya misimu kuna miaka ya kupumzika, na kati ya wanaofika siyo wote ni majike, inategemea joto la mchanga. Hapo mtu anaelewa kwa nini jike mmoja mzee ana thamani kubwa hivyo.

Mkonge sasa. Mlingoti unapanda mita tano hadi sita, unachanua maua kwa maelfu, lakini mbegu za kweli ni nadra sana. Maua yakishaanguka, palepale kwenye matawi ya mlingoti vinaota vichipukizi vidogo vyenye majani kabisa, mlingoti mmoja unaweza kutoa zaidi ya elfu moja, vinadondoka chini au watu wanavikusanya wanavipeleka kitaluni. Pia kuna machipukizi yanayotoka chini pembeni ya shina. Yote hayo ni nakala za mama. Siyo watoto kwa maana ya baba na mama, ni mmea uleule umerudiwa.

Na historia ya mkonge wetu inalipa swali hili nguvu ya ajabu. Mkonge siyo wa kwetu kwa asili, kwao ni Mexico. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na mwaka 1893 vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka kwenye hivyo 62 ndo mashamba ya mkonge yakaenea Afrika Mashariki. Yaani fikiria, maelfu ya hekta, na mimea ya Agave sisalana karibu yote ni ndugu wa tone moja. Faida yake ni kwamba shamba zima linakua sawasawa na singa, yaani nyuzi za ndani ya jani, zinafanana, kiwanda kinapenda hivyo. Hasara yake ni kwamba ugonjwa ukiupata udhaifu wa mmoja umeupata wa wote, na mkonge una ugonjwa wa madoa ya majani ambao umepewa hata jina la Korogwe.

Sasa ndo unaweza kuandika ulinganisho wenye akili: kasa anategemea utofauti na wingi wa mayai kwa sababu hana mtu wa kuwalinda watoto, mkonge shambani unategemea nakala na mkono wa mkulima. Ukimwondoa mkulima kwenye picha, mkonge wa shamba hauwezi kuenea hivi ulivyoenea. Ukimwingiza binadamu kwenye picha ya kasa, mara nyingi namba zinashuka. Ingawa siyo mara zote, na hapa kuna mfano wa Pangani ambao nataka kila mtu aujue: kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti na kilikuwa sehemu muhimu ya kutagia kasa, kikahifadhiwa rasmi mwaka 1975, afu bahari ikakila, miti ikaisha, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Kasa waliendelea kuja kutaga palepale, na yai likifunikwa na maji ya bahari linakufa. Kwaiyo watu wa uhifadhi wanahamisha mayai kutoka Maziwe kwenda ufukwe wa Ushongo, yanafukiwa upya, na watoto wakitoka wanaachiwa waende majini. Hicho kwa kiasi fulani ni kitalu, na inafaa kabisa kukiweka sambamba na kitalu cha mkonge kwenye kazi yako.

Swali la mavuno

Sentensi inayonikera kuliko zote ni "kasa na mkonge ni rasilimali zinazovunwa". Neno moja limebeba vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Mkonge unavunwa jani, siyo mmea. Mkataji anakata majani ya chini yaliyokomaa anaacha ya juu ili mmea uendelee kuishi, baada ya miezi anarudi tena. Majani yanafungwa mafungu yanapelekwa korona, ile mashine inayoponda jani na kutoa nyama ya kijani zibaki singa, na inabidi yafike haraka kwa sababu jani likikauka singa hazitoki vizuri. Singa zinaoshwa, zinaanikwa kwenye kamba juani, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Katika uzito wote wa jani, singa ni kama asilimia 4 tu, iliyobaki ni maji na makapi. Kwaiyo kilo 100 za majani zinakupa kilo 4 za singa. Weka namba hiyo kwenye kazi yako maana inaleta swali linalofuata lenyewe, yale makapi yanaenda wapi? Yakiachwa na maji ya korona yatiririke mtoni yanaoza na kumaliza oksijeni ya maji, na mito yetu mwisho wake ni baharini. Pia yanaweza kutengenezewa gesi ya kupikia na umeme, na pale Hale, Korogwe, walijenga mtambo wa gesi ya makapi ya mkonge, kwaiyo siyo lazima iwe uchafu.

Kasa huwezi kumvuna jani. Ukimchukua jike mmoja umechukua miaka yake 30 ya kukua pamoja na misimu yote ya kutaga iliyobaki. Ukichukua mayai ya kiota umechukua wale mia ambao tayari nafasi yao ilikuwa ndogo. Rudi kwenye ule mstari wa miaka uonyeshe kwa kidole: shamba la mkonge likifyekwa lote leo, baada ya miaka mitatu unakata tena, ufukwe ukimaliziwa majike yake leo, hata ukianza kulinda kesho asubuhi utangoja zaidi ya miaka 20 kuona matunda. Na sheria za uvuvi Tanzania zinakataza kukamata kasa, kumuuza na kuokota mayai yake, hilo liandike wazi.

Afu kuna hili la kula nyama yake ambalo siyo la kupita haraka. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu, inatokana na anachokula baharini, na kupika hakuiondoi. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu 9 walikufa, wanane wakiwa watoto, na 78 walilazwa baada ya kula nyama ya kasa. Ukiwa unafanya kazi hii kwa ajili ya kijiji au shule ya pwani, weka hilo mbele kabisa hata kama halimo kwenye swali lako, kwa sababu mtoto anayesoma bango lako anaweza kuliwahisha nyumbani.

Swali la plastiki, ambapo hawa wawili wanakutana kweli

Kama unataka swali moja tu la kuwaunganisha chukua hili.

Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika karibu tani 230,000, na mkonge ndo ulikuwa unaleta fedha nyingi za kigeni. Kamba za meli, kamba za kufungia majani ya ng'ombe huko Ulaya na Marekani, magunia, vyote mkonge. Afu zikaja kamba za plastiki, nailoni na polipropilini, nyepesi, rahisi, hazinyonyi maji, bei ikaporomoka. Zipo sababu nyingine pia, mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967 na uendeshaji ukayumba, watu wanabishana mpaka leo ipi ilikuwa nzito zaidi, lakini plastiki iko kwenye kila maelezo. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka kama tani 20,000. Manamba waliotoka mbali kuja kufanya kazi Tanga, wajukuu zao wako Muheza na Korogwe mpaka leo, na wengi wao waliona viwanda vikinyamaza.

Nyuzi zilezile za plastiki zikaingia baharini kama nyavu. Kasa anapumua hewa kama sisi, akiwa ametulia anaweza kukaa chini masaa, ila akinasa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, akaanza kuhangaika hewa inaisha upesi na anakufa maji. Na wavu wa plastiki ukikatika au ukitupwa hauozi, unaendelea kuelea na kunasa bila mwenyewe. Kamba ya mkonge ikianguka baharini inaoza ndani ya muda mfupi.

Sasa hapa tulia, usikimbilie kusema "turudi kwenye kamba za mkonge tuokoe kasa". Wavuvi hawakuacha nyuzi za zamani kwa ujinga. Mkonge ni mnene na mgumu, haufai kutengeneza nyavu laini, na kule kuoza haraka ambako ni kuzuri kwa kasa kwa mvuvi ni hasara ya kila mwezi. Kinachowezekana kusema kwa ukweli ni kwamba mkonge unaweza kurudi kwenye kazi za kamba ambazo hazihitaji kudumu, vifungashio, kamba za mashambani, mazulia, magunia, na kila kilo ya plastiki isiyotengenezwa ni kilo ambayo haitafika baharini. Tatizo la jarife linahitaji majibu ya uvuvi wenyewe. Msomaji atakuamini zaidi ukiandika hivyo.

Nenda ukapime mwenyewe

Namba za vitabuni ni sawa, ila kazi inapata uhai ukiwa na namba yako.

Kwa mkonge omba ruhusa shambani upewe jani moja lililokomaa. Vaa glavu, kata ule mwiba mweusi wa nchani kabla ya kitu chochote, na utomvu usikupate machoni maana unawasha. Pima urefu, pima uzito. Lilaze juu ya ubao, liponde taratibu kwa mti, afu kwangua nyama yote kwa mgongo wa kisu mpaka zibaki singa nyeupe, osha, anika juani mpaka zikauke kabisa, pima tena. Gawanya uzito wa singa kwa uzito wa jani. Ukipata asilimia 3 au 4 uko vizuri. Ukipata 8 singa bado zina maji, rudisha juani.

Kwa kasa usimguse na wala usimmulike. Unachopima ni alama zake. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajakanyaga, tembea ufukweni na mtu wa kikundi cha uhifadhi cha pale. Kasa wa kijani anatembea kwa kurusha mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwaiyo alama za kulia na kushoto zinalingana, na upana wa mburuzo ni kama mita moja au zaidi. Ng'amba anatembea kwa kupishanisha, alama zinapishana, na mburuzo wake ni mwembamba, kama sentimita 70 hadi 85. Pima upana, piga picha ukiweka rula pembeni, andika umbali kutoka alama ya maji kujaa. Kiota usikichokonoe. Kama uko kusini zaidi, Mafia nao pale Juani kuna kazi ya muda mrefu ya kulinda viota na wageni wanapelekwa kuona watoto wakitoka, na kwa Kenya Watamu ni pazuri, ukiwa na bahati ya kupitia Vipingo unaona mkonge njiani.

Namba zinazozeeka

Kurasa nyingi bado zinasema kasa wa kijani yuko kwenye hatari ya kutoweka. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walibadilisha daraja lake duniani, wakampeleka kwenye daraja la wasiwasi mdogo kwa sababu idadi imepanda baada ya miaka mingi ya ulinzi. Hiyo haimaanishi kila ufukwe umepona, kuna sehemu bado wako pabaya, na ulinzi ndo uliomfikisha hapo, kwaiyo andika daraja jipya pamoja na mwaka wake. Upande wa mkonge hakikisha kila tani unayoitaja ina mwaka pembeni, maana kati ya 1964 na 1999 ni kama nchi mbili tofauti.

Kuandika sasa

Aya nzuri inataja wote wawili ndani ya sentensi moja au mbili zinazofuatana, usiandike ukurasa wa kasa afu ukurasa wa mkonge. Mfano ambao unaweza kuufuata kwa muundo wake: "Mkonge hukatwa majani kuanzia mwaka wa tatu na huendelea kutoa mengine mpaka unapochanua na kufa, wakati kasa wa kijani hana sehemu ya mwili inayoweza kuchukuliwa akabaki hai, na anayemchukua jike leo anaondoa kiumbe kilichokua kwa zaidi ya miaka 25." Umeona, kipimo ni kimoja, miaka na kinachobaki. Jedwali likihitajika liwe na mistari inayojibu swali lako tu, rangi na uzito acha.

Na kama unataka ng'amba badala ya kasa wa kijani

Inawezekana, na kwa swali la mavuno inakuwa kali zaidi. Ng'amba alitafutwa kwa ajili ya gamba lake, na biashara hiyo ni ya zamani kuliko mkonge kwa karne nyingi mno, ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unataja magamba ya kasa yakitoka Rhapta, bandari ya kale kwenye pwani yetu hii hii. Kwaiyo unakuwa na bidhaa mbili za kusafirisha nje kutoka pwani moja, gamba na singa. Badilisha vitu hivi: chakula chake weka sponji za miambani badala ya nyasi za baharini, mayai kwa kiota weka kama 130 hadi 160, na daraja lake la IUCN bado ni hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kwenye safu ya soko andika kwamba biashara ya kimataifa ya gamba imekatazwa na mkataba wa CITES, na Japani iliyokuwa mnunuzi mkubwa ilisimamisha kuagiza mwishoni mwa 1992. Safu ya mkonge inabaki kama ilivyo.